Kenge na Popo wa Nyika ya Kalobeyei

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma huuacha nyuma mto Turkwel na mikoma yake, na tangu hapo njia yote ni nchi ya mchanga, mawe meusi, na migunga iliyosimama mbali mbali kama watu wasiosemezana. Ni safari ya kilomita 120 hivi. Zamani ilikuwa kazi ya siku nzima, na laga ikishuka maji kwa ghafula abiria walilala papo hapo wakingoja mchanga ukauke. Siku hizi lami imefika, na mtu aweza kula chakula cha asubuhi Lodwar na cha mchana Kakuma. Walakini upesi huo una hasara yake, kwa maana apitaye mbio haoni kitu ila vumbi na mbuzi.

Akiisha kuipita Kakuma na kushika njia ya Lokichoggio, karibu na mji mdogo wa Kalobeyei, hata msafiri mwenye haraka hugeuza shingo. Pande zote mbili za barabara vimesimama vichuguu. Navyo si vichuguu vya mviringo kama vile vya bara penye mvua nyingi, bali ni vyembamba na virefu kama dohani za nyumba, vingine vimempita mtu kwa kimo, vimejengwa kwa udongo mwekundu ulioshikamana kama saruji. Mgeni hudhani ni nguzo zilizosimamishwa na watu kwa sababu fulani. Kumbe ni kazi ya mchwa, na ndiyo ghala kubwa ya chakula katika nchi hii. Wako wanyama wawili ambao habari zao haziachani na vichuguu vya namna hiyo: mmoja mkubwa, ajulikanaye na kila mtoto, naye ni kenge, na wa pili ni popo mmoja mdogo ambaye hata mabwana wa elimu ya wanyama hawajaandika mengi juu yake.

Jina la Kalobeyei limejulikana mbali tangu mwaka 2015, Serikali ya Kaunti ya Turkana ilipotoa hekta 1,500 za ardhi ili wakimbizi na wenyeji wapate kukaa pamoja. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, ilikuwa imejaa. Mwaka 2016 watu wa kwanza wakaanza kukaa katika makazi hayo mapya, yaliyochukua jina la mji wa Kalobeyei ingawa yako karibu zaidi na Kakuma. Katika miaka hii ya karibuni wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wamefikia 300,000 hivi, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na kando yao wako Waturkana wenye nchi na mifugo yao. Watu wengi namna hiyo hawawezi kukaa mahali pasipokuwa na mabadiliko kwa wanyama wa hapo, hata wale wasioliwa wala kufugwa.

Sasa tumtazame kenge. Katika Turkana neno hilo huelekezwa hasa kwa kenge wa maji, ambaye wataalamu humwita Varanus niloticus, akaaye kando ya ziwa na penye mito isiyokauka. Huyu ni mwogeleaji hodari, mwenye mkia uliobanwa ubavuni kama kasia, na wakubwa wao hupita mita mbili kutoka puani hadi ncha ya mkia. Yuko na ndugu yake wa nchi kavu wa nyika za Afrika ya Mashariki, Varanus albigularis, mnene wa mwili, mwenye kichwa butu, akaaye katika mashimo na matundu ya miti, asiyehitaji mto wala ziwa. Watu huwachanganya, wala si ajabu, kwa kuwa wote wawili wana ulimi uliogawanyika ncha mbili kama wa nyoka, wote hunusa kwa ulimi huo, na wote wakikamatwa pembeni hufura, hutoa mvumo, na kupiga kwa mkia pigo ambalo mbwa hulisahau kwa shida.

Waswahili husema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo, na husema hivyo kwa dharau, wakimaanisha kwamba katika kundi la wakubwa hakosekani mdogo mwenye kujipenyeza. Lakini mamba mwenyewe hana sababu ya kumdharau. Katika sehemu nyingi za Afrika, mamba jike aondokapo kidogo tu penye kiota chake, kenge hufukua mchanga na kula mayai, na huenda wakashirikiana wawili, mmoja akimchokoza mama na mwingine akichimba. Kwa hiyo idadi ya mamba katika maji fulani, kwa sehemu fulani, hupimwa na kinywa cha kenge.

Liko jambo jingine juu yake ambalo halikujulikana sawasawa mpaka mwaka 1999. Mijusi mingi ikikimbia hushindwa kuvuta pumzi ipasavyo, kwa sababu misuli ile ile ya mbavu itumikayo kupumua ndiyo itumikayo kuupinda mwili huku na huku katika mbio. Ndiyo maana mjusi hukimbia kidogo, akasimama, akakimbia tena. Kenge ameishinda taabu hiyo. Hujaza hewa kooni na kuisukuma mapafuni, kama mhunzi atumiavyo mvukuto wake, hivyo aweza kwenda mbali pasipo kupumzika. Mtu atakayemtazama kenge aliyetoka mbioni ataona koo lake likipanda na kushuka. Yafaa ajue kwamba hiyo si hasira, ni kazi.

Na kichuguu? Kenge wa maji jike, mvua ikiisha kulainisha udongo, huchagua kichuguu chenye mchwa hai, akatoboa ubavu wake, akataga humo mayai ambayo huweza kufika 60, kisha akaenda zake. Hana haja ya kurudi. Mchwa wenyewe, kwa kuwa hawawezi kuvumilia tundu katika nyumba yao, huliziba, na mayai hubaki ndani ya nyumba yenye joto lisilobadilika na unyevu usiokauka, hata kama nje nchi inaungua. Miezi mingi hupita. Mvua nyingine ikija na kulainisha ukuta, vitoto huchimba na kutoka. Ni vigumu kumpata mnyama mwingine ambaye amejengewa nyumba ya kulea watoto bila ya kulipa hata senti moja.

Lakini sifa kubwa ya kenge wa nchi kavu ni namna avumiliavyo njaa. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Wataalamu waliomfuata kenge huyu katika Hifadhi ya Etosha, nchi ya Namibia, ambayo nayo ni nchi kame, waliona kwamba hula kwa bidii katika miezi michache ya mvua, mende, jongoo, konokono, mayai, nyoka, chochote apatacho, akaweka mafuta tumboni na mkiani. Kiangazi kikifika hupunguza mwendo, hukaa mtini au shimoni, na kuila akiba yake polepole, akikonda siku hata siku. Mkia wa kenge ni kama kitabu cha benki: mwenye kuujua aweza kusoma humo kama mwaka ulikuwa mwema au mbaya.

Basi huyu ndiye anayegombana na akina mama wa kuku. Mwaka 2025 posho ya wakimbizi ilipunguzwa sana kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua, na nyumba ambayo zamani ilifuga kuku kwa mapenzi tu sasa huhesabu kila yai. Kenge akiingia bandani wakati wa mchana, kelele husikika kwa lugha tano, na vijana huja na fimbo na mawe. Mama wa Kikongo aliyepotewa na mayai yake humwambia mzee wa Kiturkana apitaye na mbuzi, “Mzee, huyu amenila mimi na watoto wangu.” Na mzee, akiegemea fimbo yake, hujibu, “Mama, huyo alikuwa hapa kabla ya kuku. Funga banda.” Wote wawili wana haki. Yai moja kwa mtoto mwenye njaa si jambo la mzaha, na ahubiriye habari za wanyamapori kwa mtu aliyekosa chakula cha jioni yafaa kwanza apungukiwe yeye. Hata hivyo jibu la mzee lina faida kuliko fimbo, kwa kuwa kenge mmoja akiuawa mwingine atakuja, bali banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye mlango unaofungika na wavu mgumu usiopenyeka, humaliza neno. Tena kenge hutafuta chakula mchana, si usiku. Mayai yakiokotwa mapema asubuhi hukuta kiota kitupu na kwenda kutafuta mende.

Sheria nayo iko upande wake. Kenge wote wa jamii hii wameandikwa katika mapatano ya mataifa yanayoangalia biashara ya viumbe, kwa kuwa ngozi zao zimeuzwa kwa wingi ng’ambo kutengeneza viatu na mikoba. Na katika Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza kuwinda kwa ajili ya nyama. Hata ngoma humjua kenge. Ngoma ndefu ya Buganda iitwayo engalabi huwambwa kwa ngozi yake, na wapigaji husema hakuna ngozi nyingine itoayo sauti ile.

Popo hana ngoma wala methali ya kumsaidia. Kwanza yafaa kumtenga na wenziwe, maana popo ni wengi. Katika migunga ya Turkana msafiri aweza kumwona mchana kweupe popo mwenye mabawa ya manjano, akining’inia kivulini na kugeuza masikio yake marefu. Huyo anajulikana, na watu humpenda kwa uzuri wake. Anayesemwa hapa ni mwingine. Ni popo mdogo wa kijivu, wa kuwekwa katika kiganja cha mtoto, mwenye mkia mwembamba, mrefu, usio na ngozi, unaoning’inia nyuma kama uzi. Popo wengine mkia wao umeshikwa na utando wa mabawa. Wa huyu uko huru kama wa panya, na kwa hiyo jamii yake huitwa popo wenye mkia wa panya. Jina lake la elimu ni Rhinopoma macinnesi.

Jina hilo lilizaliwa katika Ziwa Turkana lenyewe, wakati lilipokuwa likiitwa Rudolf, kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1975. Mwaka 1934 Bwana Vivian Fuchs, ambaye baadaye alivuka bara la barafu la kusini ya dunia, aliongoza safari ya wataalamu katika nchi za ziwa hilo. Ilikuwa safari yenye msiba, maana wawili kati yao walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Mmoja wa wale waliorudi alikuwa Bwana D. G. MacInnes, mtaalamu wa mifupa ya kale. Mwaka 1937 Bwana R. W. Hayman wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akamweleza kwa maandishi popo aliyepatikana katika Kisiwa cha Kati, akampa jina la MacInnes. Kisiwa hicho, kilicho mbele ya Kalokol, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar hadi pwani ya ziwa, ni mlima wa moto, wenye maziwa matatu ndani ya vinywa vyake na mamba wengi. Tangu mwaka 1983 ni hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani popo huyo ni namna tu ya popo mwingine anayejulikana toka Afrika ya Kaskazini hadi Bara Hindi. Ndipo baadaye wakakubali kwamba yu peke yake, mwenyeji wa nchi kame za pembe hii ya Afrika.

Hapo ndipo habari yake inapokatika. Jumuiya ya kimataifa iangaliayo hali ya viumbe duniani imemwandika miongoni mwa wale ambao habari zao hazitoshi kutoa hukumu. Kenge ana maelfu ya kurasa. Popo huyu ana chache. Na si rahisi kuziongeza, maana jioni penye Kalobeyei, popo wadogo wakitoka na kuzunguka juu ya vichuguu, hakuna awezaye kuwatofautisha kwa macho tu. Sharti ashikwe, apimwe mkono wa bawa, atazamwe pua na meno, na kazi hiyo huhitaji mtu aliyefundishwa, mwenye nyavu, taa na subira.

Lakini yako mambo ambayo ni ya jamii yake yote, na hayo yatosha kumshangaza mtu. Pua zake ni nyufa mbili ambazo aweza kuzifunga na kuzifungua, kama mtu afungavyo dirisha upepo wa vumbi ukivuma. Na aliyewahi kukaa Turkana katika miezi ya upepo atamwonea wivu. Figo zao hubana maji, hata mkojo wao hutoka mzito, hivyo waweza kukaa mbali na maji kwa kuwa unyevu wa wadudu wawala huwatosha. Na juu ya hayo, hufanya kama afanyavyo kenge. Wakati wa wadudu wengi hula hata mwili ukawanda nyuma, chini ya tumbo na penye shina la mkia, na wakati wa uhaba huishi kwa akiba hiyo. Mwaka 2015 wataalamu walieleza habari za ndugu zake wakaao mapangoni karibu na Ziwa la Galilaya. Walikuta kwamba wakati wa baridi hujificha katika mapango yenye joto la ardhini, wakalala usingizi mzito kwa miezi, na huweza kukaa robo saa hadi nusu saa pasipo kuvuta pumzi hata moja. Wengine wa jamii hii wamefanya maskani yao katika makaburi na mahame ya kale ya Misri.

Kwa hiyo mnyama wa magamba na mnyama wa manyoya, mmoja wa damu baridi na mmoja wa damu moto, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wamefikia shauri moja kwa njia mbali mbali: kula wakati upo, na kuweka penye mkia. Lakini katika kuzaa hawafanani hata kidogo. Kenge jike hutaga makumi ya mayai; wengi wa vitoto huliwa, na bado hubaki wa kutosha. Popo wa jamii hii huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, akamnyonyesha. Kundi la kenge likipigwa mwaka huu, huweza kurudi upesi. Kundi la popo lililofukizwa kwa moshi katika pango au ufa wa jabali huchukua miaka mingi kurudi, na huenda lisirudi.

Na kufukizwa huko si jambo la mbali. Mawe yachimbwapo kwa ajili ya majengo na barabara, nyufa za majabali hufunguka. Tena watu wanawaogopa popo kwa sababu ya magonjwa, wala hofu hiyo haikuzuka bure. Ugonjwa wa Marburg ulimpata mgeni aliyeingia pango la Kitum katika Mlima Elgon mwaka 1980, na mwingine mwaka 1987. Lakini popo aliyekuja kujulikana kuwa ndiye mbebaji ni yule mkubwa alaye matunda, akaaye mapangoni kwa maelfu, si huyu wa mkia wa panya. Lililo sawa ni hili: asishikwe popo yeyote kwa mkono mtupu, maana kuumwa kwaweza kuleta hata kichaa cha mbwa, na mtoto aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji mengi, apelekwe zahanati siku ile ile. Penye popo juu ya dari, tundu lizibwe usiku wakiisha kutoka, wakati ambapo hawana vitoto. Moshi na moto hauna kazi hapo ila kuichoma nyumba.

Mtu akitaka kuwatazama wote wawili katika shughuli zao, na achague siku mvua ya kwanza inaponyesha Kalobeyei. Mvua hiyo haikawii. Harufu ya udongo huinuka, laga ya Tarach kule Kakuma huanza kunguruma, na jioni, upepo ukitulia, vichuguu hufunguka na kumbikumbi hutoka kama moshi. Watoto wa nchi zote hukimbia na mabakuli, kwa kuwa wengi kati yao wajua kukaanga kumbikumbi, na kwa saa moja hakuna mkimbizi wala mwenyeji, wako wenye bakuli na wasio na bakuli. Taa ya jua ikiwashwa mlangoni, popo huonekana wakipita katika mwanga, mara moja, mara mbili, kila mmoja akichukua wake hewani bila ya kugusa mtu. Baadhi ya hao labda wana mkia wa panya.

Asubuhi mabawa ya kumbikumbi yametanda juu ya mchanga kama makapi penye sakafu ya kupuria. Popo hawakuacha alama yoyote. Lakini toka chini ya mgunga mpaka penye kichuguu, katikati ya mabawa hayo, pana mfuo mmoja mrefu uliochorwa na mkia, na pande zake mbili alama za kucha.